Kiasi Katika Bendi: Kuandaa Wimbo wa Gwaride wa Kiingereza na Bendi ya Shule

Somo la robo mwaka kwa kamati za parokia na wahisani



Somo letu la robo mwaka hii linahusu bendi za shule. Parokia kadhaa tunazoshirikiana nazo zina shule zenye vyombo vya bendi, na maswali tunayoulizwa katika vikao yanafanana. Kamati huuliza: tufanye nini ili bendi ipige vizuri siku ya mahafali, au siku Askofu atakapokuja kutoa Kipaimara? Wahisani nao huuliza: vyombo vilivyotolewa vinawajenga vijana kwa namna gani? Tutajibu maswali yote mawili kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni kuandaa wimbo wa gwaride wa mtindo wa Kiingereza, yaani ule muziki wa bendi unaokwenda kwa hatua mbili, kushoto na kulia.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:8, anatukumbusha kuwa tarumbeta isiyotoa sauti ya kueleweka haiwezi kumwandaa mtu yeyote. Katika Wagalatia 5, anapotaja tunda la Roho, anamalizia na kiasi. Mambo hayo mawili, sauti inayoeleweka na kiasi, ndiyo msingi wa somo hili. Kijana anayejifunza wimbo wa gwaride wa Kiingereza hufundishwa kupunguza sauti yake ili mwenzake asikike. Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo bendi nyingi hushindwa.

1. Muziki huu ulifikaje kwetu

Baadhi ya wanakamati wanauona muziki huu kama jambo geni lisilotuhusu. Historia inaonyesha kwamba tumeishi nao kwa muda mrefu. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na bendi zake zilipiga nyimbo za gwaride za Kiingereza katika miji ya Afrika Mashariki. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na kuleta desturi yake ya bendi za vyombo vya shaba. Bendi za matarumbeta za Walutheri wa Tanzania zina asili nyingine, ya Ujerumani, na kazi yao kubwa imekuwa kupiga tenzi za ibada.

Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa. Katika miaka ya 1890, huko Mombasa, walianza kuigeuza bendi ya kijeshi kuwa ngoma yao wenyewe, wakaiita beni, jina lililotokana na neno bendi. Mombasa palikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi vilivyoshindana kwa mavazi na muziki, na Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari ya beni katika kitabu alichochapisha mwaka 1975. Kwa hiyo kijana wetu anaposhika tarumbeta na kupiga gwaride, anaendeleza jambo ambalo babu zake walilijua, wakalipenda na hata kulifanyia utani.

2. Mtindo wa Kiingereza una nini

Nyimbo za gwaride za Marekani, kama zile za John Philip Sousa, huwa na moto mwingi, na mara nyingi upande wa mwisho huwa na majibizano makali kati ya vyombo vya juu na vya chini. Za Kiingereza hupenda upana na utulivu. Kenneth Alford, ambaye jina lake halisi lilikuwa Frederick Joseph Ricketts, aliyeishi kati ya 1881 na 1945, ndiye mtunzi wake anayejulikana zaidi, na wimbo wake wa "Colonel Bogey" wa mwaka 1914 umesikika dunia nzima. Mwalimu wa bendi aangalie mambo manne.

Kwanza ni mwendo. Mwendo wa haraka wa kawaida wa jeshi la Uingereza ni hatua 116 kwa dakika. Bendi inayopiga ikiwa imekaa inaweza kuchagua kati ya 112 na 120. Vijana wakichangamka hufika 130 bila kujua, na heshima ya wimbo hupotea.

Pili ni nota zenyewe. Kila nota ipewe nafasi yake, itenganishwe kidogo na inayofuata, lakini isikatwe kama kuni. Nota yenye mkazo iongezewe uzito, isipigiwe kelele.

Tatu ni wimbo mkuu. Nyimbo hizi zimetungwa ili ziimbike, kwa hiyo pumzi ivutwe mwisho wa sentensi ya muziki, kama mwimbaji wa kwaya anavyofanya. Anayepumua popote anapochoka huukata wimbo vipande.

Nne ni ngoma. Ngoma kubwa na matoazi yapige kama mtu mmoja. Ngoma ndogo ya vijiti isikike chini ya wimbo mkuu. Mzazi aliyekaa nyuma akisikia ngoma tu, bado bendi haijawa tayari.

3. Wimbo tunaoupendekeza

Kwa bendi ya shule yenye wapigaji waliokwisha kuzoea vyombo vyao, tunapendekeza sehemu ya kwanza ya Suite ya Pili katika F ya Gustav Holst, ambayo yeye mwenyewe aliiita March. Aliitunga mwaka 1911, na ilipigwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1922 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London.

Tuna sababu tatu. Ya kwanza, Holst alikuwa mwalimu wa shule. Tangu 1905 hadi kufariki kwake mwaka 1934 alifundisha muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, London. Yeye na rafiki yake Ralph Vaughan Williams, aliyesimamia muziki wa kitabu cha nyimbo za kanisa cha The English Hymnal cha mwaka 1906, waliandikia ibada na waliandikia bendi pia. Hawakuona ukuta kati ya mambo hayo mawili.

Ya pili, wimbo huu umejengwa kwa nyimbo za kienyeji za watu wa Uingereza, kwa hiyo unaimbika. Unaanza na nota tano fupi ambazo vyombo vya chini na vya juu vinapokezana. Unafuata wimbo wa ngoma ya kienyeji uitwao "Glorishears". Kisha yufoniamu, chombo cha shaba chenye sauti nzito na laini, inaimba peke yake wimbo wa "Swansea Town", halafu bendi nzima inaurudia. Sehemu ya kati, iitwayo trio, inaingia na wimbo wa "Claudy Banks" katika sauti yenye huzuni kidogo, ukiimbwa na vyombo vya mbao vya chini. Mwishoni bendi inarudi mwanzo na kupiga tena zile nyimbo mbili za kwanza.

Ya tatu ni gharama. Holst alifariki mwaka 1934, na hakimiliki ya kazi hii ya awali imekwisha Tanzania, Kenya na Uingereza. Shule inaweza kutumia nota za toleo la zamani bila kulipia haki. Mwalimu awe mwangalifu tu na matoleo mapya yaliyohaririwa au kurahisishwa na watu wengine, kwa kuwa hayo yanaweza kuwa na haki zao.

4. Mpango wa wiki kumi na mbili

Wimbo mmoja ukipewa muhula mmoja, vijana hupata muda wa kuuelewa. Tunapendekeza vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja saa moja na nusu, kwa utaratibu huu.

Wiki ya 1 na 2: Kuimba. Vyombo vikae pembeni. Wanafunzi wengi wamelelewa katika kwaya zinazotumia do, re, mi, na hiyo ni hazina kubwa. Katika bendi, karatasi hazifanani: wimbo ukiwa katika F, do ya mwenye tarumbeta imeandikwa G, ya mwenye saksafoni ya alto imeandikwa D, na ya mwenye honi ya F imeandikwa C. Mwanafunzi mgeni huchanganyikiwa. Lakini wote wakiimba kwa do, re, mi, wanaimba silabi zilezile ingawa karatasi ni tofauti. Mwalimu wa kwaya ya parokia aalikwe katika wiki hizi mbili, maana hapa yeye ndiye mtaalamu.

Wiki ya 3 hadi 5: Kila kundi peke yake, polepole. Klarineti chumba kimoja, tarumbeta chini ya mti, tromboni na tuba nyuma ya bwalo. Mwendo uwe mapigo 80 kwa dakika. Shule isiyo na chombo cha kuhesabia mapigo inaweza kujitengenezea. Fungeni jiwe dogo kwenye uzi na kulining'iniza. Pimeni kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe: uzi wa sentimita 56 utatoa mapigo 80 kwa dakika, mkihesabu jiwe linapokwenda na linaporudi. Uzi wa sentimita 36 hutoa mapigo 100, na wa sentimita 26 na nusu hutoa 116. Jiwe lisirushwe mbali, bembea ndogo inatosha.

Wiki ya 6: Besi na ngoma. Tuba, tromboni na wapiga ngoma wafanye mazoezi yao wakati wengine wakisikiliza. Hao ndio miguu ya gwaride. Sauti zao fupi zikilingana, wimbo hutembea wenyewe. Wanafunzi wa tarumbeta waliozoea kuwa mbele hujifunza mengi kwa kukaa kimya siku hiyo.

Wiki ya 7 na 8: Kupunguza sauti. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kiini cha somo letu. Pale yufoniamu inapoimba peke yake, mwanafunzi mmoja amebeba wimbo mzima, na huenda ni kijana mpole asiyewahi kusemwa kwa lolote shuleni. Waliobaki wana kazi ndogo ya kumsindikiza. Mwalimu atoe kanuni moja: kama humsikii mwenye yufoniamu kutoka ulipokaa, wewe ndiwe unayepiga kwa nguvu mno. Asirekebishe kwa kumwambia mpigaji wa yufoniamu aongeze nguvu, maana akilazimisha sauti itapasuka. Wenzake ndio wampishe.

Wiki ya 9: Sehemu ya kati. Katika trio, kila pigo linagawanyika mara tatu badala ya mbili, lakini miguu haibadiliki. Ni hatua mbili kama kawaida. Vijana wetu wanaijua hali hii kutoka katika ngoma, kwa mfano chakacha ya pwani. Hatari yake ni kwamba wataifurahia mno na kukimbia. Waimbe huku wakitembea mahali walipo, kisha wachukue vyombo. Kwa wanaotumia do, re, mi, waambiwe kwamba makao ya wimbo hapa yamehama kutoka do kwenda la.

Wiki ya 10: Wimbo mzima kwa mwendo wake. Hapa ndipo bendi ifike 116. Kurudi mwanzo kufanyiwe mazoezi peke yake, kwa kuwa wanafunzi hupotea hapo wakitafuta ukurasa.

Wiki ya 11: Mahali pa tukio. Uwanjani sauti husambaa, na vyombo vya mbao humezwa na vya shaba. Klarineti na filimbi zikae mbele, shaba nyuma yao, ngoma nyuma kabisa au pembeni. Kama ni ndani ya kanisa lenye bati na kuta tupu, sauti itavuma, hivyo nota zifupishwe kidogo zaidi. Kwa mara ya kwanza bendi ipige ikiwa imekaa. Kutembea huku ukipiga ni somo jingine la muhula mwingine.

Wiki ya 12: Mazoezi mafupi, kisha tukio. Siku moja kabla, wapigaji wa shaba wasipige zaidi ya nusu saa. Midomo iliyochoka haipati sauti ya juu.

5. Wajibu wa kamati ya parokia

Mwalimu anaweza kufuata mpango huu wote na bado akashindwa kama kamati haijatimiza wajibu wake. Tunawaomba wanakamati watazame mambo yafuatayo.

Posho ya mwalimu. Chombo kisicho na mwalimu huishia stoo. Kamati ikiwa na fedha kidogo, na ilipe muhula mmoja wa mwalimu kabla ya kuongeza tarumbeta nyingine.

Matunzo. Vali za tarumbeta zinahitaji mafuta yake maalumu. Mafuta ya kupikia huganda na kuziharibu. Sehemu ya kuwekea mdomo ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila wiki, na kila mwanafunzi awe na yake inapowezekana. Klarineti ifutwe ndani kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, hasa pwani kwenye unyevu. Vile vipande vyembamba vya mwanzi vinavyotoa sauti ya klarineti na saksafoni huisha, kwa hiyo viwemo katika bajeti ya kila muhula. Chombo kilichopasuka kisipelekwe kuunganishwa kwa gesi na fundi asiyekijua.

Daftari la vyombo. Kila chombo kiwe na namba, jina la anayekitumia, na hali yake mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Watu wawili wawe na ufunguo wa stoo.

Nani anapiga. Mtoto wa mjane na mtoto wa mwenyekiti wasikilizwe kwa kipimo kimoja. Ada ya kujiunga na bendi huwafungia mlango wale ambao chombo kilitolewa kwa ajili yao. Wasichana wapewe nafasi katika tuba, tromboni na ngoma kubwa, wasiishie kubeba bendera. Wanafunzi wa mwaka wa mtihani wapangiwe vipindi ambavyo havitawaumiza, na kila kundi liwe na mdogo anayejifunza kando ya mkubwa, ili bendi isife mahafali yakiisha.

Matumizi ya nje. Bendi ikianza kusikika itaombwa harusini, katika mikutano ya wanasiasa na katika uzinduzi wa maduka. Kamati iamue mapema, kwa maandishi, ni mialiko ipi itakubaliwa, malipo yaende wapi, na wanafunzi warudi saa ngapi. Kamati inayongoja hadi mgombea afike na lori mlangoni itakuwa imechelewa.

6. Neno kwa wahisani wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba jambo moja kabla hamjatuma vyombo vilivyotumika: ulizeni kwanza shule ina nini. Wahisani walioko Uingereza watambue kuwa bendi za shaba za huko ziliendelea hadi miaka ya 1960 kutumia vyombo vilivyotengenezwa kwa sauti ya juu kuliko kipimo cha leo. Chombo cha namna hiyo kinaweza kung'aa na kuonekana kizima, lakini hakiwezi kulingana na klarineti za sasa. Mwanafunzi atakayekipata ataambiwa kila siku kwamba anapiga vibaya, na kosa si lake. Kabla ya kufunga sanduku, mwombeni mpigaji yeyote akijaribu pamoja na chombo kipya.

Mnapokuja kutembelea mradi, msipime mafanikio kwa ukubwa wa sauti wala kwa ung'avu wa sare. Kaeni nyuma kabisa, mngoje pale yufoniamu inapoimba peke yake. Kama vijana arobaini wameshusha sauti zao ili mwenzao mmoja asikike, sadaka yenu imefika. Kijana aliyezoea kufanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili, amejifunza jambo atakalolihitaji katika ndoa, kazini na katika kikao cha parokia.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Shule yetu ina vyombo vingapi vinavyofanya kazi, na vingapi vimelala stoo? Nani anajua?

2. Katika bajeti ya mwaka huu, ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya mwalimu na matunzo, na ni kiasi gani kwa ununuzi?

3. Je, kuna watoto wanaotaka kuingia katika bendi lakini wamezuiwa na ada, jinsia au umbali? Tutafanya nini kabla ya muhula ujao?

4. Kwaya ya parokia inaweza kuisaidia bendi kwa njia gani katika wiki mbili za kwanza?

5. Someni Wagalatia 5:22-23. Katika vikao vyetu wenyewe, ni nani ambaye sauti yake haisikiki kwa sababu sisi tunapiga kwa nguvu mno?

Tunawatakia mazoezi mema na Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.